Mwanao Ana Krediti Ngapi?

Msikilizaji, leo naomba uwe na kalamu na kipande cha karatasi karibu, hata nyuma ya risiti ya umeme panatosha. Tutapiga hesabu mbili tatu za kujumlisha na kugawanya, na nitazisoma polepole.

Huu ni msimu wa mabegi. Ukipita Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis utawaona wanafunzi wapya wa chuo kikuu, wameshuka kwenye mabasi ya Mbeya, ya Mwanza, ya Kigoma, na kila mmoja amebana bahasha ya kaki kwapani. Siku chache zijazo watapata namba ya usajili, kitambulisho, na kitanda katika chumba cha watu wanne kinacholaza sita, maana chuoni kubebana ni desturi. Wataelekezwa pia mahali pa kupata kitabu cha taratibu za shahada ya kwanza. Wengi hawatakifungua.

Hata mimi sikukifungua. Nilikitafuta mwaka wa pili, siku nilipoona sapu mbili, neno nitakalolifafanua mbele, zimeandikwa kando ya namba yangu kwenye ubao wa matangazo. Nikakaa nacho usiku kucha nikisaka ibara ya kuniokoa. Haikuwemo. Ila nilikuta mambo ambayo, laiti ningeyajua mwaka wa kwanza, nisingekuwa pale ubaoni. Ndiyo nataka tuyazungumze leo, wewe kijana na wewe mzazi unayelipa.

Tuanze na krediti. Hapa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, imeweka kipimo kimoja kwa vyuo vyote: krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Kwa hiyo shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, na ya miaka minne, kama uhandisi, ni 480.

Sikiliza neno hilo: saa za kujifunza. Si saa za kukaa ukumbini. Chukua kozi ya krediti 12. Hizo ni saa 120. Muhula una wiki 15 za kufundishwa. Gawanya 120 kwa 15, unapata saa 8 kila wiki kwa kozi hiyo moja. Sasa tazama ratiba: mhadhara saa 2, semina saa 1. Zile 5 zilizobaki ziko wapi? Ziko maktaba, ziko chini ya mwembe na kitabu, ziko kwenye kuandika insha. Hakuna atakayekugongea kengele. Na ukijumlisha mzigo wote wa muhula, krediti 60, unapata saa 600, yaani saa 40 kila wiki. Mwajiriwa wa ofisini anafanya hizo hizo. Kijana anayeona ratiba ina mapengo akasema chuo ni mteremko, kitabu cha taratibu tayari kimemhesabia mapengo hayo kuwa kazi.

Haya, kalamu mkononi. Hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua wameumia wapi.

Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alama 70 na kuendelea ni A. Kuanzia 60 hadi 69 ni B+. Kuanzia 50 hadi 59 ni B. Kuanzia 40 hadi 49 ni C, na hapo ndipo mpaka wa kufaulu. Chini ya hapo hujafaulu. Kila herufi ina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Ili kupata GPA, yaani wastani wa pointi zako, pointi za kila kozi unazizidisha kwa krediti za kozi hiyo, unajumlisha zote, kisha unagawanya kwa jumla ya krediti.

Chukulia vijana wawili mapacha, kaka na dada. Muhula una kozi tano: moja ya krediti 16, tatu za krediti 12, na moja ya krediti 8. Jumla 60. Wote wawili wamepata A moja, B+ moja, B mbili na C moja. Wakipiga simu nyumbani, mama anasikia matokeo yaleyale. Lakini kaka A yake ameipata kwenye ile kozi ndogo ya krediti 8, na C kwenye kozi kubwa ya 16. Dada amefanya kinyume chake. B+ na zile B mbili zote ziko kwenye kozi za krediti 12.

Kaka: 8 mara 5 ni 40. Ile B+, 12 mara 4, ni 48. B mbili, kila moja 36, ni 72. Na C, 16 mara 2, ni 32. Jumla 192. Gawanya kwa 60: GPA 3.2.

Dada: 16 mara 5 ni 80. Ongeza 48. Ongeza 72. Na C yake, 8 mara 2, ni 16. Jumla 216. Gawanya kwa 60: GPA 3.6.

Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Dada yumo. Kaka yuko daraja la pili la chini, ambalo ni 2.7 hadi 3.4, na herufi zao ni zilezile tano. Kaka hakuwa mzembe kumzidi dada. Alitumia nguvu zake mahali pepesi. Kozi ndogo huwa tamu, mwalimu mchangamfu, madesa mafupi. Kozi kubwa inatisha, basi mtu anaikimbia hadi wiki ya mwisho. Mimi sapu zangu zote mbili zilikuwa kwenye kozi nzito.

Kuna vijana wanaoamini kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, kazi inaanza mwaka wa pili. Si kweli. GPA ya mwisho inakusanya miaka yote, na ile C ya muhula wa kwanza inakufuata hadi siku ya joho. Tena desimali inayotazamwa ni moja tu, na zinazofuata hukatwa. Mwenye 3.49 ameandikiwa 3.4. Nimeshuhudia mtu mzima akilia kwa ajili ya sehemu moja ya mia ya pointi.

Na sehemu kubwa ya alama hupatikana kabla ya chumba cha mtihani. Mgawanyo uliozoeleka ni 40 za majaribio, semina na kazi za muhula, na 60 za mtihani wa mwisho. Anayeingia kwenye mtihani akiwa na 30 mfukoni anahitaji 10 tu afaulu. Anayeingia na 16 anahitaji 24, na usiku wa kuamkia mtihani tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani analala na nani anakesha.

Sasa maneno matatu ambayo mzazi anayasikia kwenye simu akashindwa kuuliza. Sapu ni mtihani wa marudio wa kozi uliyofeli. Unafanyika baada ya mwaka kwisha, wenzako wakiwa likizo, na hata ukiandika majibu ya kumshangaza profesa, alama haipandi juu ya C. Keri ni kubeba kozi: umefeli na sapu pia, basi unaingia mwaka unaofuata ukiwa na deni hilo mgongoni, unalilipa pamoja na kozi za mwaka mpya. Disko si muziki. Ni kuondolewa masomoni. Watu wanadhani disko ni kwa wanaofeli kila kitu, lakini kuna wastani wa chini uliowekwa, na ukishuka hapo hata hiyo sapu hupewi. Kukamatwa na kikaratasi ndani ya chumba cha mtihani nako kunaishia hapo hapo, na kwa hilo sina huruma.

Lakini kuna mlango mwingine wa kutokea ambao unanikera hadi leo.

Nilikuwa na mwenzangu wa chumba, mtu wa Ruvuma, kichwa kizuri kuliko changu. Wiki moja kabla ya mitihani akapigiwa simu usiku: baba amefariki. Alfajiri akapanda basi. Akazika, akakaa na mama yake hadi arobaini. Aliporudi, mitihani ilikuwa imekwisha zamani. Hakuwa ameandika barua, hakuwa amemwambia Mkuu wa Idara. Alidhani msiba unajieleza. Kwetu msiba unajieleza, si ndiyo? Ukisikia kilio huulizi karatasi. Ila kikao kilichokaa kujadili matokeo kilikuta safu tupu mbele ya namba yake, na kwenye faili hakuna kitu. Akahesabiwa ametoroka mitihani. Akakata rufaa, akaleta cheti cha kifo na barua ya mtendaji wa kijiji. Muda wa rufaa ulikuwa umepita.

Chuo sikitaji. Naendelea kuona kwamba utaratibu ule ulikuwa mkavu mno, kwamba mtu mmoja kwenye kikao angeweza kuuliza, huyu kijana yuko wapi? Hakuna aliyeuliza. Basi wewe usisubiri kuulizwa. Taratibu zinaruhusu kuahirisha mtihani mmoja, muhula, hata mwaka, kwa ugonjwa, msiba, au sababu nyingine nzito. Zinataka barua ya nusu ukurasa kwa wakati, ipitie kwa Mkuu wa Idara, na ushahidi. Ukiwa mgonjwa, cheti cha hospitali kipitie kituo cha afya cha chuo kithibitishwe. Nakala moja ibaki kwako, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo una thamani kuliko picha zote za hospitali kwenye simu yako.

Na kwa mnaosoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo hutazama kama umefaulu kuendelea na mwaka unaofuata. Jina likikwama kwenye matokeo, bumu, yaani fedha za kujikimu, nalo linakwama.

Wazee mnaosikiliza mtanicheka, mtasema nyie wa siku hizi mnalalamika. Kweli, taratibu hizi zimebadilika sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya University of London, kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika 20. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuoni moja kwa moja. Alipita kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazini. Siku hizi mlango wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. Kinachosumbua ni kwamba kitabu cha taratibu kimeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome hana pa kukisomea.

Nina dakika chache, nijibu swali moja. Mama mmoja anauliza: mwanangu hanionyeshi matokeo, je, naweza kwenda chuoni nikapewa?

Mama yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, na chuo kinazungumza naye yeye. Ukifika pale kwa hasira utapewa kiti na maji ya kunywa. Lakini siku hizi kila mwanafunzi ana akaunti ya matokeo kwenye mtandao wa chuo chake. Mwite sebuleni wakati wa likizo, akae karibu yako, aifungue mwenyewe. Usimuulize amepata A ngapi. Muulize hiyo C iko kwenye kozi ya krediti ngapi, kisha nyamaza umwachie nafasi ya kujibu.

Wiki ijayo tutazungumzia wanaotaka kuhama chuo: krediti zipi zinahamishika na zipi zinabaki nyuma. Baada ya wimbo huu, ni taarifa ya hali ya hewa kwa wavuvi.