Kila Umri Una Kazi Yake kwa Mungu
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu, karibuni.

Nimeombwa niseme juu ya kumtumikia Mungu katika kila umri. Nitaanzia kwenye daftari la wanachama. Katika vikundi vingi ninavyotembelea hapa ufuoni, nikifungua daftari naona majina yamepigwa mstari. Nikiuliza naambiwa, "Huyo nyanya amezeeka, hawezi tena kulima shamba la kikundi wala kutoa mchango." Hajafa. Hajahama. Amezeeka tu. Na mara nyingi nyanya huyo ndiye anayelea wajukuu watatu au wanne walioachwa na ukimwi bila wazazi. Kama hiyo si kazi ya Mungu, basi mimi sijui kazi ya Mungu ni gani.

Wengi mnamkumbuka Kardinali Maurice Otunga. Alizaliwa mwaka 1923 kule Chebukwa, Bungoma, mtoto wa chifu. Angeweza kurithi kiti cha baba yake, akachagua seminari. Mwaka 1950 akapewa upadre huko Roma. Mwaka 1956, akiwa na miaka 33, aliteuliwa kuwa askofu msaidizi hapa hapa Kisumu. Vijana, mmesikia? Miaka 33! Katika vikundi vyetu mtu wa umri huo bado anatumwa kuleta viti. Mwaka 1960 akawa askofu wa Kisii, na siku hizo ndugu zetu wa Homa Bay walikuwa chini ya Kisii. Hawakupata jimbo lao mpaka 1993. Mwaka 1973 akawa Kardinali, wa kwanza kutoka Kenya.

Hayo makubwa kila mtu anayasimulia. Mimi napenda ya mwisho. Mwaka 1997 alistaafu uaskofu mkuu wa Nairobi, akiwa na miaka 74. Akaenda kuishi Nyumba ya Wazee, Nairobi, ambako Masista Wadogo wa Maskini huwatunza wazee wasio na uwezo. Hakuwa tena na ofisi wala muhuri. Alikuwa mzee kati ya wazee. Alifariki Septemba 2003. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na katika safari ya kumtangaza mtu mtakatifu Kanisa halipimi miaka ya cheo peke yake. Linapima maisha yote, hata ile miaka ya kukaa kitini na rozari mkononi.

Najua mtaniambia, "Kardinali alikuwa na masista wa kumtunza." Kweli kabisa. Nyanya wa Seme au wa Nyakach hana sista. Ana jirani, na alikuwa na kikundi. Ndiyo maana naongea na nyinyi, si na yeye.

Tena kule kustaafu kwake kunawahusu wenyeviti wetu. Wako wazee walioshika uenyekiti tangu kikundi kianze, na kijana akiomba kusoma hesabu anaambiwa hana adabu. Mzee, achia kiti, lakini usiende nyumbani. Sanduku la akiba lina kufuli tatu: mbona ufunguo mmoja usikae kwa mzee ambaye hana haraka ya kukopa? Nani mwingine anajua mpaka wa shamba la mjane ulipita wapi?

Nyinyi wa katikati, wenye karo za shule na nyavu za kushona, siwalaumu mkikosa misa ya asubuhi siku za kazi. Kumpimia mteja omena kwa gorogoro isiyobonyezwa ni ibada pia. Sitasema zaidi, wenye gorogoro wanajijua.

Vijana, kazi yenu ya kwanza ni miguu. Mwaka 2018 serikali ilifungua mpango wa Inua Jamii kwa kila mtu aliyetimiza miaka 70 na hana pensheni ya serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni unga na sabuni. Wako wazee waliokosa kuandikishwa kwa sababu kitambulisho kilipotea, au hakuna aliyewafikisha kwa chifu. Kijana mwenye pikipiki anaweza kuimaliza shida hiyo kwa asubuhi moja, na asiitishe nauli.

Mkutano ujao kila mwandishi aje na daftari lake. Tutasoma yale majina yaliyopigwa mstari, moja moja, na tutagawana nani atamtembelea nani kabla ya siku ya soko. Anayetoka mbali atuarifu mapema, kwa sababu chai itapikwa kwa hesabu.