Mama akitolewa kizazi: dawa za homoni na amani ya nyumbani

 

Leo hatutazungumza juu ya mashamba wala mgawo wa chakula. Tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wanaona haya kulitaja: mama aliyetolewa kizazi, na swali la kama atumie dawa za homoni au la. Tumelileta mbele ya wote, wanaume na wanawake, kwa sababu miongoni mwa kesi za ndoa ambazo tunaitwa kusuluhisha, ziko zinazoanzia hapa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Huku kwetu Kivu mama anaweza kutolewa kizazi kwa sababu mbalimbali. Kuna aliyeshikwa na uchungu njiani akikimbia vita, akachelewa kufika hospitali, kizazi kikapasuka. Kuna aliyetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Kuna mwenye uvimbe, mwenye kansa, na kuna aliyejeruhiwa kwa kubakwa. Katika hali hizo daktari anapasua ili kuokoa uhai. Mama anarudi nyumbani akiwa hai, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini akifika nyumbani anakutana na maneno matatu. Wa kwanza anamwambia: tafuta dawa za homoni, la sivyo utazeeka upesi. Wa pili anamwambia: usiziguse, zinaleta kansa. Wa tatu, mara nyingi kutoka ukoo wa mume, anasema: huyu si mwanamke tena. Tuyachukue maneno haya moja moja.

Swali la kwanza: kilitolewa nini?

Watu wengi wanafikiri kizazi ndicho kinachotengeneza homoni za kike. Sivyo. Kizazi ni nyumba ya mtoto. Homoni zinatengenezwa hasa na ovari, yaani vile viungo viwili vidogo vyenye mayai, kimoja kila upande wa kizazi. Kwa hiyo kuna wamama wa aina mbili.

Mama ambaye kizazi kimetolewa lakini ovari zimebaki, hata moja, hatapata hedhi wala mimba tena, lakini kwa kawaida mwili wake unaendelea kutengeneza homoni. Mara nyingi hahitaji dawa yoyote. Ajue tu kwamba ovari zake zinaweza kuchoka mapema kidogo kuliko za wamama wengine.

Mama ambaye ovari zote mbili zimetolewa, homoni zinakatika kwa ghafla. Katika siku au majuma machache anaanza kusikia joto linalopanda usoni, jasho la usiku, kukosa usingizi, hasira au huzuni, na ukavu sehemu za siri unaofanya tendo la ndoa liwe maumivu. Huo si urogi. Si mizimu. Wala si dharau kwa mume. Ni mwili uliopungukiwa.

Hapa kuna shida inayowahusu sana watu waliohama. Karatasi ya hospitali imepotea au imeungua pamoja na nyumba, na mama hajui kilichotolewa. Tunashauri hivi: kama njia iko salama, mtu aende au atume ujumbe kwa hospitali iliyompasua, kwa sababu operesheni zinaandikwa katika daftari. Kama haiwezekani, amweleze daktari au muuguzi dalili zake na siku zilipoanza. Kuna pia kipimo cha damu na picha ya ekografia vinavyoweza kusaidia. Na ninyi mnaopeleka mgonjwa leo, ombeni karatasi kabla ya kutoka, muitunze pamoja na kadi ya mpiga kura.

Swali la pili: mama ana miaka mingapi?

Kwa kawaida hedhi inakoma karibu na miaka 50. Mama wa miaka 28 asiye na ovari atakaa zaidi ya miaka 20 bila homoni ambazo wenzake bado wanazo. Joto na jasho vinaweza kupungua baadaye, lakini mifupa inaendelea kudhoofika na hatari ya ugonjwa wa moyo inaongezeka. Ndiyo maana waganga wanamshauri mama mwenye umri chini ya miaka 45 atumie homoni hadi afikie karibu miaka 50, isipokuwa kuna sababu ya kumkataza. Yeye haongezewi kitu cha ziada, anarudishiwa kile alichopoteza.

Mama wa miaka 55 hali yake ni tofauti. Hedhi ingekuwa imekwisha koma hata bila kupasuliwa. Kama hana shida kubwa, anaweza kukaa bila dawa. Kama joto na kukosa usingizi vinamsumbua, azungumze na daktari juu ya faida na hatari.

Na habari ya kansa?

Maneno hayo yana mwanzo wake. Mwaka 2002 huko Marekani utafiti mkubwa juu ya wamama wa miaka 50 hadi 79 ulisimamisha sehemu yake moja, kwa sababu kansa ya maziwa ilionekana kuongezeka kidogo. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Lakini wamama hao walikuwa bado na kizazi, na walitumia homoni mbili pamoja, estrojeni na projestini. Projestini inawekwa ili kulinda kizazi.

Sehemu nyingine ya utafiti huo ilikuwa ya wamama waliotolewa kizazi, waliotumia estrojeni peke yake. Hiyo ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu kiharusi kiliongezeka: karibu watu 12 zaidi katika kila wamama 10.000 kwa mwaka. Kansa ya maziwa haikuongezeka. Na wote walikuwa wazee kuliko mama wa miaka 28 tunayemsema hapa. Basi tusichukue hofu ya mtu mmoja tukamvika mwingine.

Hiyo haina maana kwamba dawa ni ya kila mtu. Mama aliyewahi kuwa na kansa ya maziwa, aliyewahi kupata kiharusi au damu kuganda katika mguu au mapafu, au mwenye ugonjwa mkali wa ini, kwa kawaida hapewi. Mwenye shinikizo la damu, ile tunayoita tansio, itulizwe kwanza. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI aseme wazi, kwa sababu baadhi yake zinapunguza nguvu ya homoni. Na kama shingo ya kizazi iliachwa, na mama bado anaona damu kidogo kila mwezi, amwambie daktari, kwa sababu huenda akahitaji homoni zote mbili.

Je, zikikosekana?

Tunajua hali yetu. Katika vituo vingi vya afya dawa hizi hazipo, na zinapopatikana mjini ni ghali. Kwa mama kijana, daktari anaweza kuamua kutumia vidonge vya kupanga uzazi, kwa sababu navyo vina homoni. Lakini aamue daktari baada ya kupima tansio. Msinunue vidonge sokoni kwa kuonyeshwa boksi, wala msiuze mbuzi ya mwisho kwa dawa ambayo hamjui kama mama anaihitaji.

Dawa ikikatika kwa sababu ya kukimbia, joto na jasho vinaweza kurudi, lakini si sumu. Atakapofika penye utulivu aanze tena kuulizia.

Hata bila dawa kuna la kufanya. Sambaza na ndakala wanaoliwa na mifupa yao, pamoja na lengalenga, vinasaidia mifupa. Kutembea na kupata jua pia. Sigara na pombe nyingi vinaharibu. Kwa ukavu, mafuta safi ya kupikia yasiyo na harufu yanaweza kupunguza maumivu, lakini yasitumiwe pamoja na kondomu kwa sababu yanaipasua. Na mume awe na subira.

Nani aamue?

Kwa maoni yetu, anayeamua ni mama mwenyewe, akiwa ameelezwa vizuri na mganga. Mume ni wa kumsindikiza, kusikiliza pamoja naye na kusaidia nauli. Si wa kumlazimisha ameze, wala wa kumficha dawa. Wakwe na majirani hawana kura katika jambo hili.

Na sasa neno la tatu, kwamba mama huyo si mwanamke tena. Wababa, tuseme ukweli. Kizazi kilitolewa, lakini mke amebaki. Analima, analea, anapenda, na kidonda kikipona na mwenyewe akiwa tayari, anaweza kukutana na mume wake. Tumeona mahari ikidaiwa irudishwe kwa sababu ya operesheni iliyookoa maisha. Tumeona mama akifukuzwa pamoja na watoto aliowazaa kwa kizazi kile kile. Kuomba amani kati ya makabila huku tunawasha moto ndani ya hema ni kazi bure.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi mambo manne:

1. Kesi ya namna hii isisikilizwe hadharani. Wasikilize watu wachache, na mama mmoja mwenye kuaminika awemo.

2. Kabla ya kuamua chochote, waliohusika waende kwanza kwenye kituo cha afya, mume na mke pamoja.

3. Asiyejua kilichotolewa mwilini mwake asaidiwe kutafuta karatasi yake.

4. Siri ya mgonjwa isitoke. Kiongozi anayeitangaza kwenye foleni ya maji ameumiza mara ya pili.

Wamama, ninyi mliopita katika njia hii, msiogope kuuliza. Nendeni na maswali matatu: Kilitolewa nini? Kwa umri wangu, nahitaji dawa au la? Kuna kitu katika mwili wangu kinachonikataza? Mganga akijibu hayo matatu, uamuzi utakuwa mikononi mwenu, nao utakuwa uamuzi wenye macho.

 Amani iwe katika kila nyumba, hata ile ya turubai.