Mbona ukifika Thika unapanda matatu?

Haya ndiyo niliyosema Ndithini. Wengi mliomba niyaweke hapa, someni pole pole.

Kila msimu wa kura kuna mtu husimama hapa akatuahidi treni, nasi tunapiga makofi. Sasa tuulizane. Reli ilifika Thika 1913. Mbona ukienda Nairobi ukishuka Thika unaitafuta matatu?

Ni hivi. Matatu ikijaa inatoka, nyingine inaingia steji. Treni ya abiria hutoka asubuhi, ikarudi jioni. Ukiikosa, basi, siku yako imeishia pale. Na wewe umetoka Ndithini kwa gari lililongoja lijae kwanza. Utaiwahi saa ngapi?

Treni haishindwi kwa bei. Nauli yake haipandi kwa sababu mvua imenyesha au Krismasi imekaribia. (Makanga mlio hapa mnisamehe, lakini mnajijua.) Haikai kwenye foleni ya barabara kuu. Inashindwa kwa ratiba.

Na ratiba hainunuliwi kwa mabehewa peke yake. Novemba 2020 zilizinduliwa Nairobi treni zilizokuwa zimetumika Uhispania. Sawa, tulizipokea. Lakini njia ya Thika ni moja: treni mbili zikikutana, moja lazima ingoje stesheni mpaka mwenzake apite. Ukitaka safari nyingi, ongeza mahali pa kupishana. Kazi hiyo haina utepe wa kukata, ndiyo maana huisikii kwenye mikutano.

Halafu kuna kufika stesheni. Syokimau ilipofunguliwa Novemba 2012 iliwekewa maegesho, uache gari upande treni. Vizuri, kwa mwenye gari. Mama wa hapa mwenye gunia la maembe anataka matatu imshushe mlangoni mwa stesheni, na aruhusiwe kupanda na mzigo wake.

Kwa hivyo akija wa kuahidi treni, muulizeni: safari ngapi kwa siku? Nikikosa ya kwanza, ya pili ni saa ngapi?

Kijana mmoja dereva aliinuka: “Na sisi wa matatu tule nini?” Swali la haki. Nilimjibu kwamba hapa Ndithini hakuna reli, na hata treni zikiwa kumi kwa siku, ni yeye atakayetufikisha Thika. Alikaa, lakini sikuona kama ameridhika.