Majani Yatanguliayo Mvua
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Singida)



Hatukusimama kuzungumza habari za mishahara wala za likizo, maana hayo yamo katika orodha ya mambo ya mkutano, nayo yatafikiwa. Twapenda kusema juu ya kitu ambacho makarani wengi huishiwa nacho kabla ya kuishiwa na fedha, nacho ni tumaini. Tena twapenda kuonyesha mahali kilipo, kwa kuwa hakipo mbali.

Wengi wetu tulipopata barua ya uhamisho wa kuja Singida tulihuzunika. Mtu aliyelelewa penye minazi au migomba, akifika hapa mwezi wa Septemba, huona nini? Huona majabali yamerundikana kama mizigo iliyoachwa na wapagazi. Huona vumbi na upepo, na maziwa mawili, Singidani na Kindai, ambayo maji yake ni ya chumvi. Husema moyoni mwake, "Nimetupwa." Nasi tulisema hivyo hivyo. Lakini siku moja tulitembea hadi ukingoni mwa Singidani, tukaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wameinamisha vichwa vyao majini wakila. Riziki yao ilikuwa katika maji yale yale ambayo sisi tuliyaita ya bure. Tangu siku hiyo tukaanza kuitazama nchi hii kwa adabu zaidi.

Yafaa kukumbuka kwamba Singida ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, ikaisha Aprili au Mei. Miezi iliyobaki ni ukavu mtupu. Wazee wa pwani husema, "Dalili ya mvua ni mawingu," na maneno hayo ni ya kweli. Lakini nendeni upande wa Manyoni, katika misitu ya miyombo, mwishoni mwa kiangazi. Mbingu ni nyeupe kwa joto, wala wingu halionekani. Hata hivyo miyombo imekwisha kutoa majani mapya, mengine mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Mti haukungoja mawingu. Je, ni upumbavu? La, hasha. Mizizi yake imeshuka chini sana, na maji uliyoyahifadhi tangu masika yaliyopita ndiyo unayoyatumia sasa. Basi imani ya mti ule si ndoto, bali ni kutumia akiba ya jana kwa ajili ya kesho isiyoonekana bado.

Mkulima naye hufanya vivyo hivyo. Katika nchi hizi za kati wako wapandao mbegu katika udongo ungali mkavu, ili mvua ya kwanza isipotee bure. Aliyepata kulala na njaa ndiye ajuaye ni jambo gani kuchukua nafaka iliyoweza kupikwa leo na kuifukia katika vumbi. Tena mkulima huyu hana ujinga wa kuchagua mbegu. Mahindi yakikosa maji wakati wa kuchanua, mavuno hupungua sana. Lakini mtama ukipatwa na ukame hukunja majani yake, ukasimama pasipo kukua, kana kwamba umelala usingizi. Mvua irudipo, huamka ukaendelea na kazi yake. Wanyaturu na Wanyiramba hawakuyasoma haya kitabuni. Waliyajua kwa macho yao, wakawarithisha watoto wao.

Sasa, ndugu wanachama, twaomba ruhusa ya kusema jambo lisilotupa sifa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika afisi moja ambayo hatutaitaja, sisi wenyewe tulikaa dirishani. Mwezi wa Novemba akaja mama mmoja wa makamo, ametembea tangu alfajiri, ataka kuandikishwa ili apate mbegu za bei nafuu. Tukamwambia, "Njoo kesho, mama, muhuri umefungiwa." Akaja kesho yake, tukamwambia vivyo hivyo. Akaja mara ya tatu. Ukweli ni kwamba mara ya kwanza muhuri ulikuwa umefungiwa kweli. Mara ya pili na ya tatu ulikuwa juu ya meza yetu, nasi tulikuwa tumechoka, twahesabu siku zilizobaki hata kwenda likizo. Usiku wa siku ile ya tatu mvua ikanyesha.

Juma lililofuata tulitumwa vijijini kuandika majina, na kwa kudra ya Mungu tukaangukia shamba la mama yule. Tulitamani ardhi itumeze. Yeye alikuwa akipanda mtama, mbegu amepewa na jirani yake kutoka katika kibuyu. Akatujua mara moja, akaweka jembe chini, akatukaribisha kivulini, akatupa uji wa uwele. Tukamwuliza, "Mama, hukutukasirikia?"

Akajibu, "Nilikasirika, mwanangu. Lakini udongo ukilowa haungoji mtu amalize hasira."

Tukamwuliza tena, "Na huyo jirani amekupa mbegu zake. Mvua ikikatika itakuwaje?"

Akasema, "Basi tutaona njaa wawili, si mmoja." Akachukua jembe lake.

Tumesikia mahubiri mengi misikitini na makanisani, nasi twayaheshimu. Lakini neno lile limekaa nasi kuliko mengi. Mama yule hakutuambia kwamba mvua itanyesha kwa hakika. Alikuwa na jembe, na jirani, na siku moja ya udongo mbichi, akavitumia vyote vitatu. Hilo ndilo tumaini tulionalo mashambani, nalo hutanguliza mikono kabla ya maneno.

Mtu asituelewe vibaya, akadhani twasema kwamba maumbile peke yake yatamlisha mkulima. Nchi jirani ya Ugogo ilipatwa na njaa kuu iitwayo Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Ukame ulikuwapo. Lakini kabla yake majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, na mifugo, na watu wa kubeba mizigo. Akiba iliyoweza kuwavusha watu ilikuwa imekwisha kuondolewa. Miyombo ingetoaje majani kama mizizi yake imekatwa? Twakumbusha haya kwa sababu amri za namna ile hazitembei zenyewe. Huandikwa, huhesabiwa, hupigwa muhuri. Kalamu yaweza kukata mzizi, nayo yaweza kuumwagilia maji. Na mara nyingi kalamu hiyo i mkononi mwa mtu mdogo kama sisi.

Tena tukumbuke asili yetu. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, mawingu ya mvua hayakuwa yameonekana. Uhuru ulikuja mwaka 1961, miaka 39 baadaye, na Kayamba alikuwa amekwisha kufariki. Wao walikuwa majani yaliyotangulia mvua. Walitumia akiba waliyokuwa nayo, yaani elimu yao kidogo na umoja wao.

Basi twaleta maombi mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza, kila mwanachama aweke nadhiri ya kutosema "njoo kesho" katika miezi ya kupanda, illa pawe na sababu ambayo angeweza kuieleza mbele ya watoto wake. La pili, kila mmoja wetu, angalau Jumamosi moja katika msimu, aende shambani, si kukagua wala kuandika majina, bali kushika jembe pamoja na wenyeji. Aliyepata kuzika mbegu katika vumbi kwa mkono wake mwenyewe hatamrudisha mtu dirishani kwa wepesi.

Mwezi huu miyombo imeanza tena kutoa majani, na mvua haijafika. Keshokutwa ni Jumamosi. Sisi tutakwenda kwa mama yule, maana bado tuna deni lake. Atakayependa kufuatana nasi na atuone baada ya mkutano.