Chuo Kilitufundisha Kuuliza



Kambi hii ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Mwaka huo huo UNHCR na serikali ya Ujerumani walianzisha ufadhili wa DAFI, ambao ndio uliotupeleka chuoni.

Tulikwenda tukidhani tunafuata cheti. Hapa tulizoea kupanga foleni ya chakula na kupokea. Kule mwalimu alituuliza: "Ninyi mnaonaje, na kwa sababu gani?" Tulinyamaza, kwa maana tulikuwa hatujaulizwa hivyo. Polepole tulijifunza kutoa hoja, kupingwa bila kukasirika, na kukaa chumba kimoja na mtu ambaye kabila lake lilipigana na letu.

Wazee wetu, tukiuliza maswali mkutanoni si utovu wa adabu; ndicho mlichotutuma tukilete. Nanyi wa mashirika, msituite kutafsiri tu. Tushirikisheni tangu mnapopanga. Na binti akifaulu, mahari isubiri.

Elimu haina mwisho.