Tujifunze tena majani na wadudu wa kwetu
Neno la mama mmoja wa komite ya kilimo, kwenye kikao cha mwisho wa kiangazi



Komite iliniomba niseme juu ya kazi ya kiangazi hiki: vijana kujifunza majani na wadudu wa porini. Kuna wenye kuuliza: "Hiyo nayo ni kazi ya shirika? Si afadhali majembe?" Swali ni zuri, tulijibu.

Wengi wetu tulikimbia Fizi mwaka 1996. Watoto wetu walizaliwa ng'ambo ya ziwa, kule Nyarugusu ao Lugufu. Chakula kilikuwa cha mgao: unga, maharagi, mafuta. Kutoka nje ya kambi bila ruhusa ilikuwa matata. Pori wangejifunzia wapi? Leo wamerudi, ni wababa na wamama wa watu. Lenga-lenga wanaiita mchicha, sombe wanaiita kisamvu. Hayo ni majina tu, tunacheka yanapita. Lakini kuna kutojua kunakoua.

Angalieni kiazi kikuu cha porini. Kile tunacholima, kila kikonyo kina jani moja. Kuna kingine cha porini, kila kikonyo kina vijani vitatu kama vya maharagi, na shina lina miiba. Hicho ni sumu. Wakati wa njaa wazee walikikatakata na kukilowesha siku nyingi kwenye maji yanayotembea. Mwenye kukichimba na kukipika siku ileile anazika mtu.

Na ule mmea wa jalalani, wenye maua meupe kama tarumbeta na tunda la miiba: mtoto akila mbegu zake, kinywa kinakauka, akili inapotea. Mkimbizeni kituo cha afya mara moja.

Tuje kwa wadudu. Yule panzi anayenuka, mwenye kumaliza majani ya mihogo kiangazi, anataga mayai ndani ya udongo, penye kivuli. Ukichimba pale, jua linayakausha. Lakini kale kadudu kadogo kekundu, kenye madoa meusi, msikaue! Kanakula vidukari vya mboga zetu.

Sasa na sisi wazee tusijivune. Kuna kiwavi kimoja cha mahindi ambacho babu zetu hawakukijua. Kilitoka Amerika, kikaonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Kichwani kina alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa kama pembe za meza. Kinajificha ndani ya moyo wa mhindi. Huyo, vijana ndio waliotuonyesha sisi. Pitieni mashamba asubuhi mapema, mponde mayai na vile viwavi vidogo kwa mkono, mbele havijaingia ndani.

Ndiyo maana kila Alhamisi tulitembea pamoja, mzee na vijana. Sheria zetu ni tatu. Ya kwanza: hakuna kuonja kitu mpaka wazee wawili wakubaliane. Ya pili: angalia jani, shina, ua, harufu, na mahali mmea unapoota, alama moja haitoshi. Ya tatu: mbele ya kuua mdudu, angalia kwanza anakula nini. Kila jani tulilikausha kati ya magazeti, tukaliandikia jina kwa Kibembe, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Wazee wenye kujua hayo wanapungua kila mwaka. Jembe likivunjika tutanunua lingine. Mzee akienda, jina la jani linaenda naye.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanamemba, kila jamaa ilete mzee mmoja na kijana mmoja kiangazi kijacho. Marafiki wafadhili, mtusaidie karatasi ngumu, madaftari na sanduku lisiloingia maji, tusipoteze yale tuliyokausha.