Mke Wangu Aliniuliza Kama Nina Macho Ishirini na Mawili
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Sumbawanga)



Niliombwa niseme juu ya maendeleo ya Mkoa. Mtaniwia radhi, hayo nayasema ofisini kila siku. Leo nasema juu ya darubini za mkono.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Jiografia alitupandisha Mbizi, hadi pale nchi ya Ufipa inapokatika ghafla na Bonde la Rukwa kuonekana chini. Alikuwa na darubini ya 8x30 iliyotengenezwa Jena, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Kila mmoja alipewa zamu ya kuhesabu hadi ishirini. Ziwa lililokuwa mstari mweupe tu likawa maji kweli. Alipostaafu, mwalimu yule alinipa mimi darubini ile.

Nikapata kazi, nikapata na tamaa. Kila safari ya Dar es Salaam nilirudi na darubini ya mtumba, hata zikafika kumi na moja. Ndipo mke wangu akauliza swali lile la macho. Karo ya watoto ilikuwa haijalipwa.

Nikaanza kuchuja. Vijana, namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 8x30 hutoa duara la mwanga la milimita 3.75, 7x50 hutoa kama 7. Mboni ya kijana gizani hufunguka kiasi hicho cha 7, lakini yangu mimi imeshapungua, na mchana mboni ya kila mtu ni ndogo. Basi kwa nini nijitwishe kilo nzima shingoni? Ile ya 20x50 iliondoka kwanza. Ukiishika kwa mkono mtupu, kongoti wa Kalambo wanatetemeka wote pamoja na maporomoko yenyewe.

Nilizouza zililipa karo. Zimebaki nne, na kila moja ina kazi. (Ukienda nayo Kasanga, mpakani, piga hodi kwanza ofisi ya kijiji. Mtu mwenye darubini huulizwa maswali.)

Sasa nikiri. Ile ya mwalimu niliiheshimu mno. Niliifungia katika mkoba wake wa ngozi, ndani ya sanduku, masika mawili mazima. Mwalimu aliponitembelea aliomba aiangalie. Kuvu ilikuwa imetambaa ndani ya vioo kama utando wa buibui, na kuvu hula kioo. Hata ukisafisha, alama hubaki. Aliiweka jichoni, akaishusha, akaniuliza habari za watoto. Hakusema neno jingine juu yake hadi alipoondoka.

Kwa hiyo, Mkuu wa Shule, nimeleta nyingine ya 8x30, nzima. Naomba isifungiwe kabatini. Ikae rafuni penye hewa, nje ya mkoba, na daftari la kuazimia kando yake. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunapanda Mbizi. Mwanafunzi wa kwanza kufika getini ndiye atakayeibeba.